Msumari Mtupu

Hulda anaishi mtaa wa Mususa, katika parsele, kiwanja kimoja chenye nyumba tatu na bomba moja ambalo halitoi maji kila siku. Kazi yake ni kutengeneza sabuni. Mume wake, Gamaliel, hupitisha mizigo ya watu kwenye forodha ya mpakani, Kasindi, na hurudi nyumbani barabara ikiruhusu. Mama mkwe wake, Godelive, aliacha shamba lake Kalunguta wakati kijiji kizima kilipokimbia vita na kuacha mashamba yake. Sasa anakaa nao na kumlea mjukuu wake wa kwanza, Shalom.

Kwa miezi yote ambayo Shalom hakuweza kwenda popote, wanawake hawa wawili walimtunza bila ugomvi, na hata bila maneno mengi. Karibu na mlango palikuwa na msumari, na kwenye msumari kikwembe cha kubebea mtoto. Aliyemchukua mtoto alichukua kikwembe, aliyemlaza alikirudisha. Ukiona msumari mtupu, unajua mtoto yuko mgongoni mwa mwenzako, unaendelea na kazi yako. Hapakuwa na haja ya kuuliza.

Kisha Shalom akaanza kutambaa.

Alianza kwa kurudi nyuma, akakwama chini ya kitanda na kulia. Muda si mrefu alikuwa anakwenda mbele, na kila alichokiona kilikuwa chake: jiko la babula lenye makaa, kisu cha kukatia majani ya sombe, waya wa kuchajia simu, mavi ya kuku. Hulda akaingiwa na hofu. Jikoni kwake mafuta ya mawese yanachemka. Nyuma ya nyumba kuna sude, ile soda kali ya sabuni, ambayo huichanganya na maji na kuiacha ipoe ndani ya bido, dumu la manjano lililokatwa katikati. Sude hula ngozi. Mikono ya Hulda mwenyewe ina makovu yake.

Aliomba ushauri, na hapo ndipo alipopotea zaidi.

"Mutoto anakaa mu mugongo," alisema Godelive. "Gamaliel alikomalia mu mugongo. Umeona amekosa mukono?"

"Mais mama, nikiinama ku mafuta ya moto naye eko mu mugongo, akitupa mukono je?"

"Basi unipatie miye."

"Na mugongo yako inauma."

"Ni mugongo yangu. Nilikuambia inauma?"

Ananie, muuguzi wa kituo cha afya, alisema kinyume: mtoto aachwe atambae, vitu vya hatari ndivyo viondolewe, siyo mtoto. Jirani, Jokébed, alisema afungwe kwa kitambaa kwenye mguu wa kitanda. Godelive akauliza kama mjukuu wake ni mbuzi. Gamaliel akapiga simu kutoka Kasindi: awekwe ndani ya beseni kubwa la kufulia. Hulda akamweka. Shalom akalipindua, likamfunika, akaenda nalo hadi mlangoni. Jokébed alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Shalom, huyu hapana mutoto, ni mufungwa anatoroka na gereza yake!"

Hulda akawa anamtii kila mtu kwa zamu. Asubuhi mtoto yuko mgongoni, mchana yuko sakafuni, jioni amefungwa kitandani. Nasema wazi kwamba huo haukuwa ulinzi, hata kama kila shauri lilikuwa na maana yake. Mtoto hakujua leo anazuiwa wapi, na mama hakujua leo ni nani anayezuia.

Siku moja Hulda alirudi kutoka langoni, alikokuwa akiuza sabuni. Akatupa jicho mlangoni: msumari mtupu. Moyo ukatulia. Mama yuko naye, akawaza, akaenda jikoni kukoroga mafuta.

Lakini Shalom alikuwa amekojolea kikwembe. Godelive alimlaza chumbani kwenye mkeka mpaka akasinzia, akakifua kikwembe na kwenda kukianika kwenye kamba ya Jokébed. Kwa kuwa aliisikia sauti ya mkwewe langoni, alijua mama wa mtoto yupo, akakaa kidogo na jirani kuchambua maharagwe.

Aliporudi, aliuliza, "Shalom ameamuka?"

Hulda aliutazama mgongo wa mama mkwe wake. Haukuwa na kitu.

"Mama, si uko naye?"

"Miye? Nilimulalisha. Wewe njo uko ku nyumba!"

"Mais kikwembe hakiko ku musumari!"

"Nilikifua!"

Wakakimbia. Mkeka ulikuwa mtupu. Walimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kati ya mabido mawili yaliyokatwa sawasawa, moja la sude, jingine la maji ya mvua. Ubao uliofunika sude ulikuwa umesogea. Ardhi ilikuwa imelowa pande zote mbili. Mikono ya Shalom ilikuwa na maji, kidevu kina maji, na vidole viko mdomoni. Alipowaona akaanza kulia.

"Mawese!" Godelive alipiga kelele. "Anywe mawese, atapike!"

"Hapana mawese, maziwa!" alijibu Jokébed, akifika mbio.

Hulda alivichukua vidole vya mtoto akavitia kinywani mwake. Kila siku anaishika sude, lakini saa ile ulimi wake haukumwambia kitu cha hakika. Uliwaka, au aliogopa kwamba unawaka. Godelive alikuwa ameshamtia kikombe cha mawese mkononi. Akakipeleka kwenye midomo ya mtoto, akakirudisha. Kama sude imeunguza ikishuka, si itaunguza tena ikipanda? Hakuwa na hakika. Akakitupa kikombe, akamvua mtoto nguo zote na kummwagia maji safi ya ndoo usoni, mikononi, miguuni, mpaka akatetemeka kwa baridi. Kisha akamfunga kwa sweta yake, wakapanda pikipiki pamoja na Godelive.

Kituoni, Ananie alimulika kinywa cha Shalom kwa tochi kwa muda mrefu.

"Ulimi ni muzuri. Koo ni muzuri."

"Donc hakuikunywa?"

"Alichezea maji ya mvua. Mais muangalie hapa."

Ngozi ya goti la kushoto ilikuwa imegeuka nyeupe na kuanza kuchubuka. Shalom alikuwa ametambaa juu ya sude iliyomwagika.

"Mulimupatia kitu ya kunywa?"

"Hapana," alisema Hulda.

"Miye nilitaka," alisema Godelive. "Mawese."

"Mama, angetapika, sude ingepita mu koo mara mbili. Ni maji tu, mingi, na kukuja mbio."

Waliporudi nyumbani Godelive akasema, "Sema ni makosa yangu."

"Hapana, mama."

"Basi ni yako?"

"Sijue."

Parsele yote ilijadili jambo hilo, wengine wakimlaumu bibi, wengine mama. Mimi sikubaliani na upande wowote. Wote wawili walifuata desturi iliyowasaidia vizuri wakati mtoto alipokuwa wa kubebwa. Kosa lao ni kutoona kwamba wakati ule umekwisha. Mtoto anayetambaa lazima awe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, na jina hilo lisemwe kwa sauti.

Sude haichanganywi tena pale nyumbani. Hulda amepata kibanda chenye mlango wa kufunga kwa kaka yake Jokébed, na anakwenda huko bila mtoto. Lakini bado hajui lini amshushe chini na lini ambebe.

Juzi Shalom, goti likiwa na bendeji, alijipindapinda mapajani mwa mama yake mpaka akaachiwa. Akaelekea nje. Wanawake wote wawili wakasimama kwa pamoja, wakagongana, na kila mmoja akaketi tena ili amwachie mwenzake. Mtoto alikuwa ameshafika kizingitini.

"Nani?" Godelive aliuliza kwa ukali.

"Miye, mama."

"Sema nisikie!"

"Niko naye!" Hulda alipaza sauti, akatoka kumfuata.