Shamba la Mtoni, Gari la Kijerumani

Mume wangu alifundisha shule ya msingi mpaka akaota mvi, na watu wote wa kwetu, hata mimi, humwita Mwalimu. Alipostaafu na kiinua mgongo kikaingia benki, nilidhani atanunua tangi la maji au ng'ombe wa pili. Akaniambia anataka gari. Nikasema sawa, pikapu itatufaa kubebea makadamia na mbolea. Akatikisa kichwa polepole, kama anayemsikitikia mtoto aliyekosa hesabu rahisi.

"Si pikapu, mama watoto. Gari."

Gari lenyewe lilikuwa Meru mjini, katika yadi ya magari. Tulienda kuliona tukiwa tumevaa nguo za kanisani, eti tusionekane washamba. Lilikuwa jeusi, la Kijerumani, limeng'arishwa hata ukijitazama mlangoni unaona meno yako. Muuzaji alimfungulia Mwalimu mlango kwa mikono miwili. Mwalimu akakaa mbele ya usukani, akauvuta mlango, na makelele yote ya barabara yakakatika. Mimi nilikuwa kando yake. Muuzaji alifungua mlango wa upande wangu akabonyeza kitu, na kiti changu cha ngozi kikaanza kupata joto taratibu. Asubuhi ile kulikuwa na baridi ya kuuma masikio, na nitasema ukweli: sikutaka kushuka. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Bei yake ilikuwa kiinua mgongo chote, na shamba la mtoni juu yake.

Shamba la mtoni ni kipande kilicho chini ya nyumba yetu, hapa upande wa Runyenjes. Karibu na maji kuna nduma, yaani magimbi, juu kidogo kuna ndizi, na juu kabisa kuna makadamia. Kwenye hati jina ni la Mwalimu, lakini jembe ni langu. Karo ya watoto wetu wawili ilitoka humo, maana mshahara wa Mwalimu ulikuwa ukifika nyumbani umeshachoka. Watoto sasa wako kazini mbali. Tulipowapigia simu walisema, mkikubaliana ninyi wawili, sisi hatuna neno. Nilitamani wangekuwa na neno.

Wala msidhani sikujua tamaa ile ilikotoka. Mwaka uliotangulia tulimzika mama mkwe. Mwalimu ndiye kifungua mimba, na ndiye aliyemlisha mama yake kwa kijiko mpaka mwisho. Mdogo wake alitoka Nairobi na gari kubwa, akapokelewa langoni kama mheshimiwa na kuketishwa hema la mbele. Mwalimu naye alikuwa amesimama langoni na koti lake la kahawia, akisalimia waombolezaji. Mmoja wa wale watu wa kukodisha mahema akamtupia jaketi la kung'aa la waelekeza magari na kumwambia, "Mzee, saidia hapo kwa parking." Akalivaa. Nilipomtafuta nilimkuta anaonyesha magari pa kuegesha, siku ya kumzika mama yake mzazi. Nilimvua lile jaketi kwa nguvu mpaka zipu ikakatika. Hakulitaja siku ile, wala siku zilizofuata.

Kwa hiyo nilimwonea huruma. Lakini huruma ni kitu kimoja na nduma zangu ni kitu kingine. Nilimkumbusha methali aliyowachapia watoto wa watu kwa kutoijua: usiache mbachao kwa msala upitao.

"Na mimi je," akanijibu, "mbachao nimekaa juu yake maisha yangu yote. Nikae hapo mpaka lini?"

Nikaenda kuosha sufuria zilizokuwa safi.

Mnunuzi wa shamba alipatikana upesi, mfanyabiashara wa makadamia. Habari ya gari Mwalimu hakumwambia mtu wa nje. Alitaka lije Krismasi, mdogo wake akifika alikute limesimama uani. Kilichokuwa kimebaki ni mimi. Kwetu shamba la familia haliuzwi kwa saini ya mwanamume peke yake. Mnakwenda mbele ya bodi ya ardhi, mke anaulizwa hadharani kama amekubali, na neno lake ndilo linalofunga au kufungua. Sheria ni nzuri, lakini haiendi nawe nyumbani jioni. Nilimjua mama mmoja aliyemkatalia mumewe mbele ya bodi. Shamba lilibaki, lakini yule mzee hakula tena chakula cha mkono wa mkewe.

Wiki ile tuliishi kama wapangaji wawili. Mwalimu alikuwa akinizunguka, anakohoa, anakaa, anasimama.

"Utawaambia nini?" akaniuliza hatimaye.

"Utasikia pamoja na wenzako."

Sikuwa nikimtishia. Nilikuwa sijui. Nikiwa shambani nilisema hapana kwa sauti, nduma zikanisikia. Nikirudi jikoni nikamwona na lile koti la kahawia, ile hapana iligeuka kuwa karibu chakula.

Siku ya bodi tulikuta watu wamejaa kwenye mabenchi ya nje, bahasha mikononi. Tulipoitwa tuliingia sisi wawili na mnunuzi. Mbele yetu waliketi mwenyekiti, karani na wazee kadhaa wa bodi. Miongoni mwao kulikuwa na mama mmoja wa kanisa letu, na mzee mmoja mwenye kofia aliyesomesha watoto wake wote kwa Mwalimu.

Karani alisoma namba ya shamba. Mwenyekiti akauliza ya kawaida, Mwalimu akajibu vizuri, Kiswahili chake kimenyooka. Kisha mzee wa kofia akainama mbele.

"Mwalimu, wewe ulikuwa unatufundisha tupande miti. Sasa umestaafu, wakati wa kukaa kwa shamba, ndio unauza? Hiyo pesa ni ya kufanya nini?"

Lilikuwa swali dogo. Lakini nilimwona Mwalimu akifungua mdomo na neno gari likakataa kutoka. Aliwatazama wale wazee mmoja mmoja, wazee waliokuja pale kwa miguu.

"Ni bibi yangu," akasema. "Ni mgonjwa. Ni mambo ya hospitali."

Chumba kizima kikanigeukia. Mama wa kanisa alishika shavu. "Woiye," akasema, "na vile nilikuona Jumapili ukiimba!" Mzee wa kofia akaivua kofia yake na kuiweka magotini.

Mwanamume ananiuzia shamba, na sasa amenipa ugonjwa bila hata kuniuliza ni upi! Nilimgeukia nikiwa na maneno tayari, mengi na makali. Alikuwa anatazama sakafu. Shingo yake ilikuwa imeinama vilevile kama langoni siku ile ya mazishi, na nikajua nikisema kweli yote hapa, nitakuwa nimemvika lile jaketi kwa mkono wangu mwenyewe. Nikikubali, nimeuza jasho langu lote na kujiita mgonjwa juu yake.

"Pole sana, mama," mwenyekiti akasema kwa upole. "Lakini lazima tukuulize. Umekubali hii shamba iuzwe?"

Mnunuzi alikohoa.

"Ni kweli nilikuwa mgonjwa," nikasema. "Mwalimu alihangaika sana juu yangu, mpaka akafikia kuuza shamba. Lakini nimepona."

"Umepona?"

"Nimepona kabisa. Sikuwa nimemwambia bado. Kwa hivyo hakuna haja ya kuuza."

"Bwana asifiwe!" mama wa kanisa akapiga makofi. Mwenyekiti alimtazama Mwalimu, akamtazama mnunuzi, akafunga faili. Alisema hajawahi kuona kikao kikiisha vizuri hivyo. Mnunuzi aliondoka bila kutuaga, na sikumlaumu.

Tulirudi kwa boda boda moja, mimi katikati, dereva mbele na Mwalimu nyuma yangu. Nilisikia tu pumzi yake kisogoni, na kila tulipoingia shimoni mkono wake ulinishika bega kisha ukaniachia haraka. Nyumbani aliingia ndani akaketi. Simu yake ililia, nikaona ni ya yule muuzaji wa yadi. Ililia mpaka ikanyamaza.

Nilifikiri mambo yameishia hapo. Nilikuwa nimemsahau mama wa kanisa.

Kesho yake walianza kuja. Walikuja akina mama na uji wa kuchacha kwenye vibuyu, na ndizi, na unga, na kuni mgongoni, kama wajavyo kwa aliyetoka hospitali. Waliniketisha kwenye kiti kikubwa, wakanifunika leso, wakanikataza kuinuka. "Wewe pumzika, mama. Ugonjwa unaweza rudi." Wakaomba, wakaimba, wakalia kidogo. Kila shukrani ilinichoma, maana baadhi yao walikuwa na wagonjwa wa kweli nyumbani kwao.

Na kwa kuwa mimi nilikatazwa kuinuka, chai ilimwangukia Mwalimu. Aliipika mwenyewe. Aliwamiminia mmoja mmoja, sinia mikononi, akiombwa sukari na huyu na maziwa na yule. Akina mama walimsifu machoni pake. Walisema mwanamume wa kuuza shamba kwa ajili ya mkewe hajazaliwa mwingine kwetu. Yeye alikuwa anasema asante, asante, na vikombe vinagongana kwenye sinia. Mimi chini ya leso zangu nilikuwa nimeuma meno. Sehemu yangu moja ilifurahi aadhibiwe hivyo. Sehemu nyingine ilitaka waende zao, sinia lile litue, naye aketi.

Kundi la mwisho lilikuja Jumamosi, likiongozwa na yule mama wa kanisa aliyekuwa kwenye bodi. Alikunywa chai yake, akafuta mdomo, akauliza swali ambalo wengine wote walikuwa wameliogopa.

"Sasa tuambieni basi, tujue vile tutashukuru kanisani. Ilikuwa ugonjwa gani?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeshatayarisha uongo wa pili, wa mambo ya tumbo, uongo wa kumaliza maneno. Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya sebule. Akaliweka sinia juu ya meza, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Si yeye aliyekuwa mgonjwa," akasema. "Nilitaka gari."

Hakuna aliyecheka. Akaendelea, sauti yake ikiwa chini, akawaambia yote: yadi ya Meru, viti vya ngozi, hema la mbele, jaketi la kung'aa. Lile la jaketi ndilo lililomkata sauti. Lilikuwa limekaa ndani yake tangu mazishi na sasa alikuwa analitoa mbele ya akina mama kumi na vikombe vyao, mtu aliyeshindwa kulisema hata kwangu.

Niliziondoa leso magotini, nikainuka. Nikamwambia aketi kwenye kile kiti kikubwa, nikachukua birika, nikammiminia chai yeye kwanza.