Nyamizi Afungua Rejeta

Habari ilifika Nyantakara wakati wa kukamua. Ndugu Bulugu, mwenyekiti wa kijiji, alitokea kwa baiskeli akipiga kengele njia nzima, na kabla hajashuka alishaanza kupaza sauti: vijana wetu wanarudi kutoka vitani! Malori ya jeshi yatawashusha mgambo wa upande huu pale Lusahunga, Jumamosi mchana!

Nyamizi alimwachia mama mkwe wake, Secilia, kibuyu cha maziwa, akatoka mbio. Hakukimbilia ndani kutafuta kanga ya kupokelea mume. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha nyasi ilikolala pikapu kuukuu ya mumewe, Nshoma.

Gari hilo Nshoma alilipata likiwa bovu, huko Shinyanga alikofanya kazi kwenye kinu cha pamba. Alilifufua kwa mikono yake, akahamia nalo Nyantakara walipokuja kuanza maisha katika kijiji cha ujamaa. Kila alipolitengeneza, Nyamizi ndiye aliyemshikia spana, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kushika kitu bila kuuliza, alijua kila mpira unatoka wapi na unakwenda wapi. Hata kuendesha alifundishwa, kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, Nshoma akicheka mpaka machozi kila injini ilipozimika. Kisha vita vikazuka, mgambo wakaitwa. Muda mfupi kabla ya hapo gari lilikuwa limechemka njiani, likarudi nyumbani likivutwa na ng'ombe.

"Mayu," Nyamizi alimwambia mkwewe, akimwita mama kwa Kisukuma, "Jumamosi tunakwenda kumpokea kwa gari lake."

"Gari lipi? Hilo linalojikojolea?"

"Hilo hilo."

Secilia alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaanza kupinga.

Kulipokucha Nyamizi aliifungua rejeta, kile kipoza maji ya injini, akaiziba midomo yake kwa magunzi ya mahindi yaliyofungwa matambara, akabakiza kimrija kimoja tu. Akaizamisha kwenye hori la kunyweshea ng'ombe, akapuliza mpaka mashavu yakamuuma. Mapovu yakapanda.

"Pale!" Secilia alipiga kelele, akasahau kwamba alikuwa akipinga. "Na pale pembeni! Puliza tena!"

Mwenzake alipoishiwa pumzi, akapuliza yeye mwenyewe, mpaka matundu yote yakawekewa alama ya mkaa. Ikabaki hita, ile rejeta ndogo iliyojificha ndani, mbele ya miguu ya abiria, ambayo huleta joto garini wakati wa baridi. Nayo ilikuwa ikivuja. Jirani mmoja aliyepita alimshauri aikate tu, aunganishe mipira miwili, basi. Nani anahitaji moto ndani ya gari? Nyamizi nusura akubali. Lakini alikumbuka jinsi Nshoma alivyokuwa akiifungua hita kwenye milima, jua kali likiwaka, na alipomuuliza kama ana wazimu alimjibu kwamba hita huipunguzia injini mzigo wa joto. Akaing'oa nayo, akajitwika zote mbili kichwani, mguu na njia mpaka kwa Ndikuriyo, mzee aliyekimbia machafuko ya Burundi na kuishi kwa kuziba ndoo na vibatari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo gani hii yenye mbavu?"

Akamweleza. Mzee aligeuza rejeta huku na huku, macho yakimng'aa kama mtu aliyeletewa nyama. Lehemu ilikuwa adimu, kama sabuni na kila kitu mwaka ule, kwa hiyo alipasha moto mishono ya makopo ya zamani, akakusanya matone yake kwa subira, na kwa chuma chekundu kutoka kwenye makaa akaziba tundu moja baada ya jingine. Walipopuliza tena majini, hapakuwa na povu hata moja. Nyamizi aliruka, akamkumbatia mzee wa watu, majivu yakamwenea.

Nyumbani alichemsha sufuria ya maji, akatumbukizamo thamostati, kile kifuniko kidogo cha shaba ambacho hufunguka chenyewe maji ya injini yakipata moto.

"Leo tunakula chuma?" Secilia aliuliza.

"Tunakitazama kama kinafunguka, mayu."

Maji yalitokota, kifuniko kikakataa. Basi mkosaji ni huyo! Maji ya moto yalikuwa yakifungiwa ndani ya injini. Nyamizi akakiacha nje kabisa. Mpira wa juu ulikuwa umepasuka mwishoni. Akaukata pale penye ufa, akauzungushia utepe wa mpira wa baiskeli, akakaza kwa waya. Akasuuza kutu ndani ya injini mpaka maji yakatoka meupe, akarudisha rejeta na hita mahali pake.

Jumamosi nusu ya kijiji ilisukuma gari. Likakohoa, likakohoa, likanguruma! Watu wakajaa nyuma, Secilia akakaa mbele, na debe la mwisho la petroli likaanza kazi.

Njia ilikwenda vizuri mpaka kwenye mlima mrefu kabla ya Lusahunga. Hapo mshale wa joto ukaanza kupanda. Nyamizi alipunguza gia, ukapanda tu. Nyuma watu walikuwa wakiimba, hawajui lolote. Akaifungua hita yote.

Joto likawavamia kama mlango wa tanuri uliofunguliwa.

"Unanichoma, mtoto wewe!" Secilia alipiga yowe, akitoa kichwa dirishani. "Nitafika nimeiva!"

"Vumilia, mayu! Tazama mshale! Unashuka!"

Ulishuka kweli, polepole, na walipofika juu wote wawili walikuwa wameloa chapachapa, wanacheka kama walevi.

Malori yalikwisha kufika. Nshoma alikuwa amesimama kando ya barabara na begi lake, amekonda, ndevu zimemjaa, akitazama pikapu inayokuja kama anayeona mzimu. Alipomtambua aliyeshika usukani, begi lilimdondoka. Secilia alimfikia kwanza, akamshika uso kwa mikono yote miwili. Kisha Nshoma akamgeukia mkewe.

"Nani amelitengeneza?"

"Mimi na mzee Ndikuriyo. Na mama alipuliza kidogo."

"Nilipuliza sana!" Secilia alisema.

Nshoma alifungua boneti, akapapasa waya na utepe wa baiskeli. Mabega yakaanza kumtetemeka. Nyamizi hakujua kama ni kicheko au kilio, akamshika mkono hivyo hivyo mbele ya watu wote.

Baadaye walihamia pale njia panda ya Lusahunga, wakajenga kibanda cha kutengenezea magari, Nshoma upande wa breki, mkewe upande wa rejeta. Lakini siku ile Nyamizi alimnyooshea mumewe ufunguo, naye akakataa, akazunguka akabanana na mama yake upande wa abiria.

"Endesha," alisema. "Nataka kutazama nyumba za kwetu zikitujia."