Usinidekee Hapa

Dada yangu analea watoto wa wenzake, akina mama wa kiwanda cha nguo, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mtoto akianguka, hamkimbilii. Anaendelea kukunja nepi huku akimtazama kwa jicho la pembeni. Mtoto akilia huku anaangaza nani anamwona, basi anadeka, na dada humwambia, "Usinidekee hapa." Akilia bila kutazama mtu, hapo dada huruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Kudeka, kwake, si kulia. Ni kulilia kubembelezwa, na anayembembeleza mtoto wa hivyo amejitakia mwenyewe. Akina mama wanamwamini. Nami simpingi, maana ulimi wake ni wembe.

Binti yake ndiye aliyepimwa kwa kipimo hicho tangu anatambaa. Akakua hana kilio. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, majirani wakasifu, binti wa watu hadeki hata kidogo. Mimi mama yake mdogo sifa zile zilinikera, lakini nani amsikilize mdogo?

Juzi binti huyo, mimba yake ikiwa ya miezi saba, alikuja kutusaidia kuogesha watoto. Nikamwona ameshika ukingo wa beseni, midomo imemkauka, jasho linamtoka na joto lenyewe hakuna. Nikamuuliza, akasema ni uchovu tu. Alipoinuka, kigoda kilikuwa na damu.

Dada alimkabidhi jirani mtoto aliyejaa povu la sabuni, tukambeba binti, mmoja kila upande, hadi kwenye teksi.

Hospitalini nesi akamuuliza maumivu yalianza lini. Alimgeukia mama yake kwanza, akamtazama kama anayeomba ruhusa.

"Mwambie," dada akasema. "Mwambie nesi, mwanangu."

"Tangu jana asubuhi," akasema. "Sikutaka kudeka."

Nesi akaacha kuandika. Akaita wenzake, wakamsukuma kwenye machela hadi ndani, mlango ukafungwa. Sisi tukabaki kwenye benchi, masikio yote mlangoni. Dada alikuwa akisema kwa sauti ya chini, wala si kwangu, "Lia, mama. Lia tu."

Ndani kulikuwa kimya.