Simbilisi wa Watu

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Nimeishia darasa la saba, na herufi zangu zinalala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa. Mkikuta neno nimelikosea, lisomeni kwa sauti, mtalipata. Naandika polepole, lakini kuandika kunaniwia rahisi kuliko kuongea mbele ya watu.

Ziwa lilipopanda, maji yaliingia kwenye jiko letu pale ufukweni Ujiji. Mimi na bibi yangu tukahamia vyumba viwili vya kupanga, juu kidogo. Jiko la zamani lilikuwa la udongo. Tulipikia kuni, na simbilisi walikimbia huku na huku kati ya mafiga. Simbilisi ni mnyama mdogo asiye na mkia, mkubwa kuliko panya, mdogo kuliko sungura. Huku kwetu wengi wanamfuga jikoni kwa ajili ya kitoweo. Wetu wote walisombwa na maji.

Mama mmoja anayeuza migebuka, samaki wa ziwa letu, sokoni, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Kongo, alimhurumia bibi akatupa jike. Si kutupa awe wetu kabisa. Unakaa na jike mpaka azae, kisha unamrudisha kwa mwenyewe pamoja na mtoto mmoja, wanaobaki ni wako. Ukiwa naye humchinji, humuuzi, humkati hata ncha ya sikio bila ruhusa. Akifa, unapeleka mwili wake kwa mwenyewe auone, ajue kwamba hukumla. Bibi anasema zamani hiyo ilikuwa desturi ya ng'ombe, na ulichopeleka ni ngozi. Watu wameishusha mpaka kwa simbilisi.

Jike huyo alikuwa wa kahawia, shavu moja jeupe. Tulimweka kwenye beseni kubwa la plastiki lililopasuka, juu ya sakafu ya saruji, kando ya jiko la mkaa. Alikula kabichi, matembele na ugali uliolala. Akisikia kisu kinakata mboga, alipiga mluzi.

Halafu mluzi ukakoma. Nilikata mboga, akatulia kwenye kona, manyoya yamemsimama. Nikamsogezea jani. Alilishika kwa mdomo, akalitafuna hewani, likaanguka. Akalishika tena, likaanguka tena. Kidevu chake kilikuwa kimelowa.

"Hajala?" bibi akauliza.

"Anashika, halafu anaachia."

"Basi mpeleke kwa mwenyewe angali anapumua. Ukimpeleka amekufa, utaulizwa mengi."

"Nitasema nini?"

"Utasema ulichokiona. Mdomo si unao?"

Mdomo nilikuwa nao. Lakini nilipofikiria meza ile ya samaki, wateja wamejipanga na mimi nimesimama na mnyama wa watu mkononi, niliona afadhali nimtibu mwenyewe.

Kazi yangu ni kuanika na kugeuza dagaa. Asubuhi ile niliwauliza kina mama tunaofanya nao kazi kama kuna anayejua dawa ya simbilisi asiyekula. Lilikuwa kosa.

"Eti hali? Au wewe ndiye uliyemla?"

"Mwangalieni mashavu yalivyojaa!"

"Mpe dagaa, atachangamka."

"Dagaa? Huyo ni paka, wewe?"

Niliinamisha kichwa nikaendelea kugeuza. Mmoja wao, mtu mzima, alinifuata baadaye akaniambia niende duka la dawa za mifugo.

Kule dukani, muuzaji hakuinua macho. "Kuku?"

"Hapana."

"Mbuzi?"

"Simbilisi."

Waliokuwa nyuma yangu wakasogea wasikie vizuri. Muuzaji akainua macho. Alisema dawa ya kumlazimisha mnyama ale hana, ila nisiliache tumbo lake tupu, kwa sababu simbilisi akikaa bila kula tumbo linasimama na haliamki tena. Alinipa bomba la sindano, sindano yenyewe akaitoa. "Uji mwepesi. Pembeni ya mdomo, kidogo kidogo, asipaliwe."

Nikapika uji wa mahindi, nikauchanganya na maji ya matembele yaliyotwangwa. Nilimfunga kwenye kanga nikampakata. Uji wa kwanza ulimwagika wote kifuani kwake. Baadaye koo likaanza kucheza. Nilimlisha asubuhi kabla ya kwenda kwenye dagaa, na mchana na jioni kila nilipopata nafasi. Hakunenepa, lakini hakufa.

Katika kumlisha, siku moja mdomo wake wa chini ulivutika nikaona meno. Ya chini yalikuwa marefu, yamejikunja, moja limepanda juu ya jenzake. Nikamwita bibi.

"Hayo ndiyo yanayomzuia," alisema. "Kule kwetu walikuwa wanaguguna kuni mchana kutwa, meno yanapungua. Hapa atagugunaje? Saruji?"

Alichukua kikata kucha, akakaa, akakirudisha mezani. "Huyu si wetu," akasema.

Basi nikamfunga jike kwenye kanga, nikachukua kikata kucha, nikaenda sokoni. Njiani nilipanga sentensi moja nikairudia mpaka pale. Nilisimama kando ya meza, wateja wakapita mbele yangu.

"Wewe binti, unanunua au unanihesabia inzi?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bibi yako hajambo?"

"Hajambo." Sentensi ikanipotea. Nikafungua kanga.

"Dende wangu!" Ndivyo wanavyomwita simbilisi kwao Kongo. "Mbona mwepesi hivi? Mlikuwa mnamlisha hadithi?"

Watu wakacheka. Mwanamume mmoja akasema, "Shukuru, mama. Wengine wangeshamla."

"Wewe nunua samaki, unyamaze."

"Meno," nikasema. "Yamerefuka, hawezi kukata jani. Nimekuja kuomba ruhusa tuyakate."

Aliinama akamtazama mdomoni, muda mrefu kidogo. "Amefikaje mpaka leo?"

"Uji. Kwa bomba."

"Kata."

"Mimi?"

"Mikono yangu ina samaki. Kata hapa hapa. Akifia mikononi mwako, nitakuwa nimeona kwa macho yangu."

Alimshika kichwa kwa pindo la kanga yake. Nilikata jino la kwanza, likalia kama njiti ya kiberiti ikivunjika. La pili lilipasuka kidogo kwa urefu. Damu haikutoka. Nikamnyooshea mnyama wake amchukue.

"Nimchukue wa nini? Bado hamjanipa mtoto wangu. Rudi naye."

Jioni ile hakula, nikampa uji. Kesho yake niliweka jani, nikashika bomba, nikasubiri. Jani liliingia mdomoni polepole, shina likafuata, likaisha. Nikaweka lingine.

Sasa anakula, na tumeweka vipande vya kuni kwenye beseni. Alipopata nguvu tulimwazimia dume wa jirani, na tumbo lake limeanza kuwa zito. Lakini lile jino lililopasuka linaota likienda pembeni, na jana kidevu kilikuwa kimelowa tena. Ruhusa ninayo, mama hakuifuta. Bibi haoni vizuri, kwa hiyo atakayekata ni mimi, na safari hii jike ana mimba.

Kama yupo kati yenu aliyewahi kufuga simbilisi, naomba aniandikie. Nataka kujua jino linakatwaje lisipasuke, na mwenye mimba anashikwaje asiumie. Andikeni hata mistari miwili, nami nitawajibu.