Baba Alichagua kwa Pua

Juzi mwanangu alifungua boksi la pawasaplai ya kompyuta anayoiunda mwenyewe, nami nikaiinamia nikainusa kabla sijafikiri. "Mama, wanusa nini?" akaniuliza. Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka zamu ya usiku.

Baba naye alikuwa ametoka zamu ya usiku bandarini, mchana ule wa utoto wangu aliponishika mkono hadi kwa fundi wa kompyuta wa Mji wa Kale. Kompyuta yetu ya kwanza ilikuwa vipande vipande nyumbani, ikikosa tu hicho kisanduku cha kuipa umeme. Baba alikuja na bodi ya kompyuta hiyo imefungwa kwenye leso ya mama, ili ajaribishe plagi palepale. Pawasaplai mbili kuukuu za fundi zilikubali. Ile iliyong'aa akaisogeza puani.

"Shekhe, hiyo si halua," fundi akasema.

"Imeungua ndani. Nipe ile nzito."

Nikadhani pua yaweza kujua chochote kilichoungua ndani. Tulipokuwa tukirudi, baba aliketi kwenye baraza ya duka lililofungwa, kisanduku mapajani, akafumba macho. Nikalinusa shati lake: jasho, grisi, na udi wa mama kwa mbali.

"Baba, wewe hujaungua."

"Alhamdulillahi," akajibu bila kufumbua macho.

Nilitembea hadi nyumbani Bondeni nikijiona nimempa habari njema. Sasa najua alichotaka ni ninyamaze tu, asinzie kidogo.