Moshi wa Filsan

Mwalimu Noreen alitoka Ireland kuja kufundisha Rhamu kwa kujitolea mwaka mzima. Joto likamlaza, na chakula kikamshinda. Jirani yake Osob, mjane muuza maziwa, hakuvumilia kumwona mtoto wa watu akikonda hivyo. Akampelekea maziwa ya ngamia katika kibuyu cha bintiye Filsan, aliyefariki ule ukame wa tisini na mbili.

Filsan ndiye aliyekuwa akikifukiza kibuyu kile kwa kijinga cha moto, maziwa yasiharibike. Tangu azikwe, Osob hakuwa amekitia kitu hadi siku hiyo. Alikuwa akikifungua tu jioni, akanusa ule moshi wa mwanawe, kisha akakifunga.

Kesho yake Noreen alikirudisha akitabasamu.

"Mama, maziwa yamenipa nguvu! Nimekisugua kwa sabuni na maji moto, maana kilinuka moshi sana."

"Ahsante, binti yangu," Osob akasema. "Allah akuhifadhi."

Alijikaza mpaka akaingia kwake. Akafungua kifuniko, akanusa, akanusa tena. Sabuni tu. Akakikumbatia kibuyu kile kisafi, akamlilia Filsan kana kwamba ndiyo kwanza wanamfukia.