Gauni la Kijijini

Shangazi yangu alipofika kwetu mjini Likasi, hakuketi. Alisimama mlangoni na mfuko wake, akanitazama kuanzia shingoni mpaka miguuni, kisha akamgeukia mume wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka machimbo ya mawe ya Kakontwe, vumbi jeupe bado nyusini.

"Shiye tulikupatia mwanamuke muzima," alimwambia. "Sasa uko na turudishia mifupa. Miye niko na murudisha kwa baba yake."

Kwetu ndugu wa mke wana haki hiyo. Mke akikonda wanakuja kuuliza; wasiporidhika wanaondoka naye, na watoto wanabaki kwa baba. Wanangu wawili walikuwa chini ya meza, wakisikiliza.

Nilikasirika. Unene ule aliodai umepotea niliupata mjini! Kijijini, upande wa Mulungwishi, nililima, nikatwanga, nikabeba kuni na mihogo kichwani. Likasi nilikuta unga umeshasagwa, maji yapo uani, na hata kununua chumvi nilipanda pikipiki. Asubuhi mkate na chai yenye sukari tele, mchana bukari, ugali wetu, jioni bukari tena na samaki aliyeogelea kwenye mafuta. Nikanenepa. Kila nilipokwenda kusalimia nyumbani walinipigia vigelegele, na shangazi huyuhuyu alinifinya mkono akisema nimepata mwanamume. Hakuna aliyeuliza kwa nini nilihema nikifunga viatu.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyeuliza. Sukari ilikuwa imepanda, presha pia. Akaniambia nipunguze bukari na nitembee kwa miguu. Nikatii, kufa sikutaka. Mwili ulipoanza kupungua, majirani nao wakaanza. Huyu ananong'ona kwamba nina ugonjwa, yule kwamba mume wangu anakula mshahara na mwanamke mwingine. Ulimi hauna mfupa, na maneno yakafika kijijini.

"Tantine, ni sukari ya damu," nilimwambia. "Muganga ya zahanati ndiye alisema nipunguze kula."

"Muganga ya wapi anakatazaka muntu chakula?"

Akafungua mfuko, akatoa gauni la kitenge alilonishonea kwa mkono wake siku waliponioza. Alilibeba makusudi, ili mume wangu aone kwa macho yake jinsi alivyoniharibu.

"Vala. Aone vile itakuanguka."

Nilivaa chumbani. Gauni lilipita mabegani, likakwama kiunoni. Nikatoka hivyohivyo, mgongo wazi. Shangazi akashika pande mbili, akavuta. Akaniambia nibane pumzi, akavuta tena. Vifungo havikufika. Nilikuwa bado mnene kuliko siku ile ya ndoa.



Shangazi akaachia. "Kumbe tulikuoza ukiwa na njaa?" aliuliza kwa sauti ndogo. Niliona aibu imemshika, na hasira yangu ikaniisha.

"Hapana, Tantine. Nilikuwa na nguvu. Haukumbuke? Nilikuwa nakupita mu shamba."

Hapo ndipo alipoketi. Akatazama mlango wa uani.

"Mukwe, nyuma ya nyumba iko udongo?"

"Iko, mama."

"Na jembe?"

"Jembe haiko."

Shangazi akapiga kofi gotini. "Basi kosa yako ni ile! Miaka yote hii, mutoto yetu anaikala bila jembe? Kesho umununulie, abaki hapa alime."

Watoto wakatoka chini ya meza.